Kuvalisha gari PPF bila kuliwa: namna ya kupima bei na mkono wa fundi

Kwenye boneti ya Harrier yangu kuna mstari mwembamba unaoanzia karibu na taa ya kushoto na kwenda kama urefu wa kidole. Asubuhi hauonekani. Jua la saa tisa likipiga kwa ubavu unauona vizuri, na siku hizi umeanza kupata wekundu wa kutu. Si jiwe la barabara ya Morogoro lililonifanyia hivyo. Ni kisu cha fundi niliyemlipa abandike PPF, utando wa kuilinda rangi hiyo isichubuke.

Nilimchagua kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya nusu ya wenzake. Tangu siku hiyo nimesimamia kazi ya namna hii kwenye magari ya ndugu na marafiki kadhaa hapa Dar es Salaam, mengine yakatoka safi, mengine ya kusikitisha, na si kila mara aliyelipa zaidi ndiye aliyepata kazi nzuri. Naandika kwa mtu ambaye ana gari aliloagiza kwa jasho lake, ameona video za magari yanayong'aa kama kioo, na sasa ana bei tatu kwenye simu zisizofanana hata kidogo.

Hatua ya 1: Jua unanunua kitu gani

Nusu ya ugomvi wa bei unatokana na watu kulinganisha vitu viwili tofauti.

PPF ni utando angavu wa plastiki unaobandikwa juu ya rangi. Asili yake ni jeshini: Wamarekani waliutumia kulinda mapanga ya helikopta enzi za vita vya Vietnam, baadaye ukahamia kwenye magari. Utando mzuri wa leo ni wa poliyurethani inayovutika, ile mafundi wanayoiita TPU, na unene wake wa kawaida ni kama maikroni 150 hadi 200 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Sasa linganisha: rangi yote ya kiwandani kwenye gari lako, kuanzia praima ya chini mpaka klia, ile tabaka angavu ya juu, mara nyingi ni maikroni 100 hadi 150. Yaani unachobandika ni kinene kuliko rangi yenyewe. Ndiyo maana kinaweza kumeza pigo la kokoto.

Seramiki ni kimiminika chenye silika, kinapakwa kwa sponji na kukauka kuwa ngozi ya maikroni moja au mbili hivi. Maji yanateleza, vumbi linatoka upesi, mng'ao unakaa. Jiwe halizuii. Ukisikia "9H, hata jiwe halipiti", jua kwamba 9H ni alama ya penseli. Kuna kipimo cha kukwaruza rangi kwa penseli zinazotofautiana ugumu, na 9H ni penseli ngumu sana kwenye seti hiyo, basi. Kokoto iliyorushwa na lori la mchanga haina habari na penseli.

Kwa hiyo jiulize kinachokuumiza. Kama unakwenda Dodoma au Morogoro kila mwezi nyuma ya malori, tatizo lako ni mawe, na dawa yake ni PPF upande wa mbele. Kama gari halivuki Mwenge na Posta, na kinachokukera ni vumbi na kunguru, seramiki au hata waksi nzuri inaweza kukutosha. Na kunguru wa Dar sote tunawajua: kinyesi chao kikikaukia juani kinaila klia na kuacha alama isiyotoka kwa kuosha. Seramiki inakupa muda wa kukifuta, haikupi ruhusa ya kukiacha hadi Jumapili.

Hatua ya 2: Kagua rangi yako kabla ya kumkagua fundi

Utando unashika rangi, na rangi inatakiwa kulishika bati. Kama rangi ilipigwa mtaani juu ya puti, siku ya kuutoa utando huenda ukaondoka na rangi. Fundi wa bei rahisi hatakuambia, maana siku hiyo hatakuwepo.

Wengi wetu tumenunua magari yaliyotumika Japani, na hapo tuna msaada ambao watu wanausahau: karatasi ya mnada. Ule mchoro wa gari wenye herufi ndogo ndogo una hadithi yote. A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni kibonyeo kidogo. Herufi ya kuitafuta ni W, inayoonyesha paneli iliyowahi kutengenezwa, na kawaida ikitengenezwa hupigwa rangi. XX ni paneli iliyobadilishwa kabisa. Kama daraja la gari lenyewe ni R au RA, lilishapata ajali likatengenezwa, hivyo usiamini rangi yoyote mpaka ipimwe.

Halafu mwombe fundi akupimie kwa kipimo cha unene wa rangi mbele yako. Ukiona 110, 120, 115 kote, kisha mlango mmoja unasoma 280, mlango huo umepakwa upya. Namba ikizidi hapo sana, kuna puti. Bampa ni plastiki, vipimo vya kawaida haviisomi. Hapo tegemea macho, hasa kwenye kingo na chini ya taa. Fundi asiye na kipimo hiki si lazima awe mbaya, ila anafanya kazi gizani na bei yake inapaswa kuonyesha hivyo.

Gari lililotoka kupigwa rangi wiki iliyopita liache kwanza. Rangi mpya inahitaji kupumua, angalau mwezi mmoja, na ile ya mtaani isiyopitishwa kwenye oveni naipa zaidi. Anayekubali kubandika kesho yake anakuuzia mapovu.

Hatua ya 3: Punguza eneo, usipunguze ubora

Hapa ndipo pesa inapookolewa kweli, na ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu ana bajeti ya sehemu ya mbele kwa utando mzuri, anaambiwa kwa pesa hiyo hiyo atavalishwa gari zima kwa utando mwingine, anafurahi. Ameshaliwa.

Gari lako halipigwi mawe sawasawa kila mahali. Linapigwa bampa ya mbele, boneti, fenda za mbele, taa, na migongo ya vioo vya pembeni. Zinazofuata ni sehemu za chini ya milango nyuma ya matairi ya mbele, ukingo wa buti ambako mizigo inaburuzwa, na vile vikombe nyuma ya vishikio vya milango vinavyochubuliwa na kucha na pete. Paa la gari linapigwa na jua na kunguru tu. Milango ya nyuma, labda boda boda akikupitia karibu.

Ukiwa na pesa ya paneli tatu nzuri, fanya tatu. Nyingine zipige polishi na waksi, mwaka kesho ukipata utaongeza.

Na kuna magari ambayo hayastahili PPF kabisa. IST yenye klia iliyokwisha paani haihitaji kulindwa, inahitaji kupigwa rangi au kuachwa izeeke kwa amani. Vilevile gari unalopanga kuuza ndani ya mwaka au miwili: sijaona mnunuzi wa hapa akiongeza bei kwa sababu ya utando asiouona.

Hatua ya 4: Omba bei iliyochanwa vipande

Usiulize "PPF shilingi ngapi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa kuangalia gari unalokuja nalo. Mwenye Prado anatajiwa bei yake, mwenye Vitz yake.

Mwombe akutenganishie mambo matatu: utando wenyewe kwa mita, matayarisho ya rangi, na ubandikaji. Utando huuzwa kwa roli, na roli la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, linalokaribia kulimaliza gari dogo zima. Ukilijua hilo unaweza kufuatilia hesabu: anayesema boneti na bampa vimekula roli zima anakufanyia mzaha, na anayesema atavalisha Land Cruiser zima kwa roli moja na kubakiza, muulize ataunga wapi.

Kipande cha pili, matayarisho, ndicho kinachofichwa. Kazi ya kweli huanza na kuosha, kisha dawa ya kutoa chembe za chuma zilizojichimbia kwenye klia, kisha ule udongo maalumu laini kama unga uliokandwa unaopitishwa ili rangi iwe nyororo, kisha polishi ya mashine ya kuondoa mikwaruzo, na mwisho kufuta mafuta yote kwa spiriti. Ukibandika juu ya mikwaruzo, umeihifadhi kama picha kwenye fremu. Mwenye bei ya chini sana mara nyingi hakupunguza faida yake. Ameondoa kipande hiki.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu, si bei za soko. Fundi wa kwanza anataka milioni 3 kwa sehemu ya mbele, wa pili milioni 1.2. Kazi ya wa pili ikigeuka njano na kunyanyuka kingo ndani ya miaka miwili, utalipia kuitoa, tuseme laki 4, maana gundi kuukuu inataka mvuke, joto na siku nzima ya kukwangua. Boneti ikichubuka ukaipiga rangi, laki 3 na nusu. Jumla 1,950,000 kwa miaka miwili, karibu 975,000 kwa mwaka. Ya kwanza ikidumu miaka saba ni karibu 430,000 kwa mwaka. Lakini angalia upande wa pili: ukiuza gari baada ya miaka miwili, ile ya milioni 3 imekugharimu milioni moja na nusu kila mwaka. Weka miaka yako mwenyewe kwenye hesabu hii kabla hujamwita mtu mwizi.

Hatua ya 5: Shika utando kwa mkono

"Orijino kabisa bosi" si jibu. Muombe kipande chakavu kilichokatwa kutoka kwenye roli lile lile litakalotumika kwako, na uone boksi na alama ya roli. Majina makubwa kama XPEL, 3M, LLumar na SunTek yanaigwa, na boksi tupu linaweza kukaa dukani miaka likipambwa.

Kivute. TPU inavutika kama mpira na kurudi. PVC, plastiki ya bei ya chini, ni ngumu zaidi, ukiivuta inabaki imelegea, na ina ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Siku hizi kuna kitu kinaitwa TPH; kwa asili ni PVC iliyolainishwa, ina bei nafuu, ikiwa mpya inapendeza, juani inakakamaa. Si haramu kuinunua. Haramu ni kuuziwa TPH kwa bei ya TPU.

Kisha kikwaruze kidogo kwa brashi ya waya laini na umwagie maji ya moto kutoka chupa ya chai. Utando mzuri huifuta mikwaruzo midogo kwa joto. Jaribio hili si ushahidi kamili, maana hata baadhi ya tando duni hufanya hivyo zikiwa mpya, lakini ukishindwa hapo hakuna haja ya kuendelea.

Hatua ya 6: Nenda ukaone gereji, na uone gari kuukuu

Picha za gari lililotoka leo hazina maana. Kila kazi inang'aa siku ya kwanza. Omba kuona gari alilolifanya mwaka mmoja uliopita au zaidi, la mteja halisi. Fundi mwenye kazi atapiga simu moja. Mwenye maneno atakuambia wateja wake wote ni waheshimiwa hawapendi kusumbuliwa.

Ukilipata, usitazame katikati ya boneti. Hata mimi ningeweza kubandika katikati. Tazama kingo. Je, kuna mstari mweusi wa uchafu uliojikusanya? Kona zimenyanyuka? Utando umekunjwa ukaingia ndani ya ukingo wa boneti au umeishia nje pale macho yanapofika? Washa tochi ya simu, iweke kwa ubavu, tafuta alama za kisu kuzunguka nembo, taa na vishikio.

Kisu ndicho kilichoniponza mimi. Kuna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni kompyuta yenye ramani ya gari lako kutuma mchoro kwenye mashine, utando ukakatwa mezani kabla haujaligusa gari. Ya pili ni kutandaza kipande kikubwa juu ya paneli na kukipunguza kwa wembe palepale. Fundi bingwa anaweza njia ya pili kwa usalama na hata kukupa kingo zilizofichika vizuri zaidi, lakini klia yako ni kama maikroni 40 au 50 tu, na mkono ukiteleza mara moja imekwisha. Wanaoishi Kigamboni, Masaki au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi hadi sebuleni, mkwaruzo wa kisu ukifika kwenye bati hauchukui muda kuota kutu. Muulize anakata vipi, na kama anakatia juu ya gari, umwone akifanya kwa gari la mwingine kwanza.

Gereji yenyewe haihitaji marumaru. Inahitaji kuta, paa, sakafu inayomwagiwa maji kutuliza vumbi, taa za kutosha, na umeme wa akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya bampa utando hausubiri. Chini ya mwembe kando ya barabara ya vumbi, hata fundi awe malaika, utapata chembe ndani.

Kuhusu muda: sehemu ya mbele ni siku moja hadi mbili, gari zima siku tatu hadi tano. Anayeahidi gari zima "jioni unalichukua" ameshakueleza ataruka nini.

Hatua ya 7: Muulize nani atakayelishika gari

Hili nililijifunza kwenye duka la bei kubwa lenye kiyoyozi na kahawa. Bingwa aliyekuwa kwenye picha ukutani alikuwa safarini, gari la shemeji yangu likashikwa na kijana aliyekuwa na miezi mitatu kazini. Bei haikushuka kwa sababu hiyo. Uliza jina la atakayebandika, uone kazi yake huyo, na uandike jina hilo kwenye makubaliano.

Dhamana nazo zipo mbili, usizichanganye. Ya kiwanda, ambayo kwa tando nzuri hufika miaka 10, huhusu utando kugeuka njano, kupasuka au kuachia, na kwa kawaida haigusi mikono ya fundi wala rangi isiyo ya kiwandani. Kampuni kubwa huorodhesha mafundi wao walioidhinishwa kwenye tovuti zao. Fungua simu uangalie kama huyu wako yumo, usisome bango lake. Dhamana ya fundi ndiyo inayohusu kona kunyanyuka na chembe za vumbi. Hiyo inatakiwa iandikwe: miezi mingapi, kwa kosa gani, na nani analipia utando wa kurudia. "Likitokea lolote we njoo tu kaka" haina tarehe.

Hatua ya 8: Kukabidhi na kupokea

Kabla ya kuacha ufunguo, piga picha za gari pande zote, kila mkwaruzo, na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta. Nasema kilomita kwa sababu najua gari lililoachwa kwa fundi Ijumaa likaonekana Jumamosi kwenye msafara wa harusi.

Lipa malipo ya awali yanayotosha kununua utando, yaliyobaki yagawe: sehemu siku ya kulichukua, na kiasi kidogo baada ya ukaguzi wa wiki moja. Dai risiti ya EFD yenye aina ya kazi. Karatasi ya makubaliano iwe na jina la utando, namba ya roli, paneli zilizovalishwa na namba ya chesisi.

Siku ya kupokea, usikubali kulichukua usiku. Mapovu ya maji na ukungu kidogo si kosa. Yanakauka yenyewe kwa siku kadhaa, mengine wiki mbili tatu. Kosa ni chembe ngumu iliyonaswa chini, povu la hewa lisilosogea ukilibonyeza, mistari ya utando uliovutwa kupita kiasi, na kona iliyonyanyuka. Chembe mbili tatu kwenye bampa nzima ni kawaida ya kazi ya mikono. Ishirini kwenye boneti, arudie.

Kisha usilioshe kwa wiki moja. Likioshwa baadaye, mkataze kijana wa kuoshea asielekeze bomba la presha kwenye kingo kwa karibu, na asitumie Omo wala lile sponji lililoangukia mchangani asubuhi. Siku ya saba au ya nane rudi kwa fundi mchana, pitisheni vidole wote wawili kwenye kila ukingo, arekebishe palipoachia kwa hewa ya moto, ndipo umkabidhi kile kiasi kilichobaki.